Kila Mtu na Ladha Yake, Halafu?

Wasomaji wa vitabu tuna sentensi moja tunayoitumia kama mwamuzi anavyotumia filimbi ya mwisho. Watu wanapiga soga vizuri tu. Mmoja anasema riwaya fulani imemchosha, mwingine anasema hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya apende kusoma, sauti zinaanza kupanda, kisha anatokea mpatanishi: "Jamani, kila mtu na ladha yake." Mjadala kwisha. Tunahamia kwenye mpira, au kwa sisi wa huku Bariadi, kwenye bei ya pamba.

Kwa muda sasa najiuliza: sentensi hii ni adabu, au ni namna ya kukimbia? Na kama ni kukimbia, kuna anayeumia?

Tuanze kwa kuitendea haki. Haikuzuka bure. Ni ngao ya watu waliochoka kudharauliwa. Tumezoea kugawa riwaya zetu katika makundi mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na ukisikia majina yenyewe unajua nani kakaa kiti cha mbele. Kijana aliyeanza na Willy Gamba wa Elvis Musiba, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, anajifunza mapema kwamba mbele ya wasomi hayo hayasemwi. Akiulizwa kitabu anachokipenda kuliko vyote anajibu "Kusadikika". Shaaban Robert alikichapisha mwaka 1951 na ni kitabu kikubwa kweli, sibishi. Lakini huyu kijana hakukesha nacho. Alikesha na Kufa na Kupona, akamaliza alfajiri, akaenda shule macho mekundu. Aibu imemfundisha kusema uongo mdogo, na uongo huo ukirudiwa na watu elfu moja tunafika mahali hatujui tena Watanzania wanasoma nini. Kwa mtu kama huyo, "kila mtu na ladha yake" ni kauli ya ukombozi.

Tena historia inatuonya kwamba mahakimu wa ladha hukosea. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni, na baadaye ikarudi kwa heshima zote na kuwa kitabu cha kufundishia. Mwaka 1974 mwandishi huyo huyo alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wapo walioona kwamba hayo si mashairi kabisa. Ng'ambo ya ziwa, kisiwani Ukerewe alikozaliwa Kezilahabi, Aniceti Kitereza alikuwa amemaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Leo Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka inatajwa miongoni mwa kazi kubwa za bara hili. Ukifikiria hayo, unaona afadhali kunyamaza kuliko kumhukumu mtu.

Lakini hebu turudi kwenye Kichomi. Waliokitetea walisema nini? Wangeweza kusema "kila mtu na ladha yake", wenye vina waendelee na vina vyao na sisi na vyetu. Hawakusema hivyo. Walijenga hoja: kwamba ushairi ulikuwapo katika ngoma na tambo za lugha zetu nyingi kabla ya kanuni za vina, kwamba kinachofanya shairi si idadi ya silabi peke yake. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakatoa Malenga wa Bara mwaka 1976, wakaonyesha kwa vitendo. Upande wa pili nao haukulala. Mwaka 1986 Jumanne Mayoka bado alikuwa anaandika kitabu kizima juu ya mgogoro huo wa ushairi. Zaidi ya miaka kumi watu wanagombana juu ya shairi ni nini! Wangekubaliana mapema kwamba ni suala la ladha tu, shairi huru lingebaki jambo la faragha la watu wachache, na wanajadi nao wasingelazimika kueleza kwa nini mizani ni kitu cha thamani. Kilichomwokoa aliyedharauliwa ni mabishano yenye sababu.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Kuna "nimekipenda" na kuna "ni kizuri". Ya kwanza ni habari zangu mimi, na hakuna wa kunibishia. Ya pili ni habari za kitabu, na nikishaitamka nimekupa wewe ruhusa ya kuniuliza, "Kwa nini?" Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliliona jambo hili mwaka 1790: anayesema kitu kinampendeza anajisemea mwenyewe, lakini anayesema kitu ni kizuri anawadai na wengine wakubali. Tatizo letu ni kwamba tunasema "ni kizuri" tukitaka nguvu yake, na tukiulizwa sababu tunajificha nyuma ya "nimekipenda". Huko ni kukopa na kukana deni.

Na sababu za vitabu zipo, zinaonekana. Mskoti David Hume, mwaka 1757, alitumia kisa cha watu wawili walioonja mvinyo wa pipa moja. Mmoja akasema una ladha kidogo ya ngozi, mwingine akasema una ladha ya chuma. Wakachekwa. Pipa lilipomwagwa chote, chini ukakutwa ufunguo wenye kamba ya ngozi. Huku kwetu hatuhitaji pipa la mvinyo, tuna pamba. Msimu wa kuuza, mnunuzi mzoefu anaingiza mkono kwenye gunia, anasugua kidogo kwa vidole, anakwambia hii imelowa, au hii ina mchanga, au hapa daraja A limechanganywa na B. Hakuna mkulima anayemjibu kwamba kila mtu na vidole vyake. Anaweza kubisha, ndiyo, na pengine mnunuzi ana njama zake. Lakini ubishi unaisha kwa kumwaga gunia na kuangalia. Kitabu nacho humwagwa hivyo: fungua ukurasa, nionyeshe wapi mhusika amebadilika ghafla bila sababu, wapi mwandishi amehubiri badala ya kusimulia, wapi mazungumzo yanasikika kama ya watu walio hai. Nikishaona, sitakuwa kama nilivyokuwa kabla ya kuona.

Utasema: basi tuhesabu wasomaji, wengi wape. Wasukuma tuna uzoefu wa siku nyingi na kanuni hiyo. Simulizi zinasema Ngika na Gumha walishindana nani ana dawa kali zaidi, na kutokana nao zikabaki pande mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno pande hizi zinapambana kwa ngoma, kila upande na uwanja wake kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watu wengi. Hapo kura inapigwa kwa miguu. Lakini kaa pembeni uwasikilize watazamaji wanaporudi nyumbani. Wanachambua vibaya sana. Wapo wanaokiri kwamba walikimbilia upande ule kwa sababu ya chatu, maana kuna wanaocheza na nyoka, lakini wimbo wenyewe ulikuwa mwepesi. Umati ni ushahidi, na si mdogo: anayevuta watu elfu mbili ana kitu, na msomi anayepuuza kitu hicho ni mvivu. Ila umati haukuambii peke yake kama watu wamefuata wimbo au wamefuata nyoka. Hilo mpaka waulizwe, na wao wajibu.

Sasa nije kwenye anayeumia. Hapa Bariadi maduka ninayoyajua yanauza madaftari na vitabu vya kiada. Ukitaka riwaya unampigia mtu Mwanza au Dar es Salaam, unatuma hela, kitabu kinapakiwa kwenye basi, unakwenda stendi kukipokea. Mwalimu wa sekondari anayeniuliza kwenye simu, "Kaka, hiki kizuri? Nikiagize?" ameweka mezani fedha ambayo ina kazi nyingine nyumbani kwake. Nikimjibu "inategemea na ladha yako", nimejiweka salama mimi, yeye nimemwacha pale pale. Ninachodaiwa ni ushahidi: nilichokiona humo, kilichonikwaza, na aina ya msomaji ambaye naamini kitamfaa. Kazi ya uandishi wa habari imenifundisha kwamba shahidi hatakiwi kuwa malaika. Anatakiwa aseme alichokiona na alikuwa amesimama wapi alipokiona. Msomaji naye ni hivyo hivyo. "Mimi mtu wa hadithi za upelelezi, kwa hiyo Nagona ilinitoa jasho, ila kurasa za mwanzo zilinishika" ni ushahidi bora kuliko nyota tano.

Anayeumia wa pili ni mwandishi kijana. Siku hizi kila wiki kuna anayechapa kitabu kwa fedha zake, na kila wiki tunamwaga "hongera sana", "umetisha", "kalamu yako haina mfano". Wengi wa wanaomwaga hawajafungua hata sura ya kwanza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wanasema wazee, lakini kwa mwandishi wa kwetu hata chema kinajitembeza, kwa sababu sifa tumezigawa bure kwa kila mtu mpaka hazinunui kitu. Aliyeandika vizuri hana namna ya kujulikana, na aliyeandika ovyo hana namna ya kujirekebisha. Tunaita huo upendo. Mimi naona ni kumnyima mtu heshima ya kusomwa.

Najua pingamizi lililobaki: tukiruhusu hukumu, dharau itarudi. Inaweza. Shule ilitufundisha kujadili vitabu kwa hoja tatu kutoka kila kitabu, fani na maudhui, na nje ya chumba cha mtihani wengi wetu tumebaki na maneno mawili tu, "kitamu" na "kimeniboa". Kati ya mtihani na mwayo kuna nafasi kubwa ambayo soga za wasomaji zingeweza kuijaza. Dharau huja pale ninapokihukumu kitabu na kumhukumu aliyekifurahia kwa pigo moja. Furaha yake ya usiku ule si yangu kuigusa, ilikuwepo na ni ya kweli. Ninachoweza kubishana nacho ni maneno yake aliyoyatoa kuhusu kitabu, na hayo aliyatoa ili yasikilizwe.

Kwa hiyo ukiniambia riwaya ninayoipenda ni ya ovyo, usinihurumie. Niambie ukurasa wa ngapi.