Nyigu Asiye na Kifuta Jasho

Nilikiponda kwa kidole gumba. Kilikuwa kifuko cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, kimeganda chini ya jani la mchicha pembezoni mwa mahindi ya mama, kwetu Tarime. Kando yake kulikuwa na kiwavi aliyelegea, yu hai lakini hali tena. Nilidhani ni yai la mdudu mharibifu. Mgongoni nilikuwa na bomba la dawa, na asubuhi ile mama alikuwa amenipa agizo moja tu: "Mura, usibakize hata mmoja."

Sikubakiza.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya viwavijeshi vamizi. Walionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia 2017 walikuwa wameshaingia Kenya na Tanzania. Aliyelima mahindi hahitaji kusimuliwa: unaingia shambani unakuta majani yametobolewa, na katikati ya mche kuna kinyesi kama unga wa mbao. Aliyeweza kununua dawa alinunua, na aliyenunua alipuliza.

Baadaye, nikiwa chuoni, nilikutana na maelezo ya spishi mpya ya nyigu iitwayo Cotesia icipe. Yalichapishwa mwaka huohuo wa 2017 na Komi Fiaboe, José Fernández-Triana na wenzao. Ni nyigu wa milimita chache tu, na alipatikana Kenya, kwenye viwavi wanaokula mchicha. Jina lake la pili ni la icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa Nairobi na Thomas Odhiambo mwaka 1970.

Kueleza spishi mpya ni kazi ya subira. Unamweka mdudu chini ya hadubini, unachunguza mishipa ya mbawa, vinyweleo, rangi ya miguu. Unamlinganisha na ndugu zake wanaofanana naye kama pacha, unasoma vinasaba. Mwisho unamteua nyigu mmoja ahifadhiwe katika makumbusho, awe shahidi wa jina hilo kwa vizazi vyote.

Nyigu wa jamii ya Cotesia huishi hivi: jike hutaga yai ndani ya mwili wa kiwavi mchanga, na pamoja na yai hupenyeza virusi vinavyolegeza kinga yake. Buu huanguliwa humo, hula humo, kisha hutoboa ngozi, hutoka na kusokota kifuko cheupe pembeni. Kiwavi hubaki hai siku chache, hali tena, halafu hufa.

Nilipofika hapo niliiweka simu chini. Kile hakikuwa yai. Wala siwezi kusema alikuwa nyigu yupi kati ya jamaa hao, kwa sababu nilimponda kabla hajatoka.

Mwaka 2018 watafiti waliokusanya viwavijeshi vamizi Ethiopia, Kenya na Tanzania walichapisha walichokikuta. Ethiopia, Cotesia icipe ndiye aliyeongoza: alikuwa amewaingia kati ya asilimia 33.8 na 45.3 ya viwavi. Kenya na Tanzania walikuta nyigu wengine wa tabia hiyohiyo. Mgeni alikuwa ndiyo kwanza amefika, na tayari wenyeji wadogo kiasi hicho walikuwa wameanza kumshughulikia, huku sisi tukiwapulizia wote pamoja.

Ni rahisi kumalizia hapa: nyigu ni rafiki wa mkulima, basi amestahili jina. Lakini urafiki huo tumemsingizia. Nyigu hajui mahindi ni nini. Charles Darwin alimwandikia Asa Gray mwaka 1860 kwamba hakuweza kuamini Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi nyigu wa namna hii, walao viwavi wakiwa hai. Na kama jina ni malipo ya faida, maelfu ya nyigu ambao hatujaona faida yao tuwafanyeje? Huyu naye alipewa jina kutoka kwa viwavi wa mchicha, si wa mahindi.

Mimi nimebeba jina la babu aliyefariki kabla sijazaliwa. Halikunipa akili wala mali. Lilinipa watu wa kuniuliza: "Unafanya hivyo, nawe ni fulani?" Nadhani jina la spishi hufanya kazi hiyo, ila linatuuliza sisi. Halimwongezei nyigu thamani; alikuwa na maisha yake kabla ya hadubini. Linatuondolea kisingizio. Nilipoponda kile kifuko sikujua, na kutojua kulinitosha. Leo hakunitoshi.

Nilimweleza mama haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jina halijazi gunia." Kisha akauliza, "Nikiacha kupuliza, nyigu wasipokuja, nani atanilipa?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba swali lake ni dogo kuliko la Darwin. Ng'ambo ya Mto Mara, wilayani Serengeti, tembo akitoka hifadhini akavunja shamba, upo utaratibu wa serikali wa kifuta jasho. Wakati mwingine huchelewa, na wenye mashamba hulalamika ni kidogo, lakini upo, kwa sababu nchi imekubali kwamba tembo ana gharama na gharama hiyo si ya mwenye shamba peke yake. Kwa ajili ya nyigu hakuna fomu. Anayemwachia nafasi humwachia kwa unga wa watoto wake. Mimi niliyesoma ndiye niliyeondolewa kisingizio. Kumtwika mama deni hilo peke yake ni dhuluma ya aina nyingine.

Tulikubaliana jambo dogo. Sasa tunakagua kwanza, mstari kwa mstari, tunapuliza penye viwavi wengi tu, na mchicha hatuupulizii kabisa. Mistari miwili ya mwisho ni yangu: ikiliwa, gunia nalinunua mimi.

Msimu uliopita nililinunua. Mama alicheka sana. Lakini kabla ya kurudi nyumbani aligeuza jani la mchicha, akaniita, akaninyooshea kidole bila kugusa.

"Huyu ndiye?"