Usingizi wa Jirani Ukigeuzwa Sadaka

Desemba ikifika, Mganda anayeishi London huona jua likizama kabla ya saa kumi alasiri na kuchomoza saa mbili asubuhi. Mwili huchanganyikiwa, usingizi nao huja na kukatika ovyo. Kampala haina taabu hiyo. Iko kilomita 35 hivi kutoka mstari wa ikweta, na usiku wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Tena mji umekaa juu ya vilima, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo Juni na Julai usiku huwa na baridi ya kujifunika blanketi. Giza lipo, ubaridi upo.

Kinachokosekana ni utulivu.

Katika mitaa iliyobanana kama Katwe au Bwaise, Ijumaa ni usiku wa mkesha kwa walokole wengi. Kanisa ni la mabati, spika zimeelekezwa barabarani, jenereta inanguruma nyuma. Saa tano ni nyimbo za sifa, saa saba ni maombi ya kufunguliwa, na saa kumi mhubiri ameshakauka sauti lakini kipaza sauti bado kina nguvu. Nyuma ya ukuta huohuo amelala muuza chapati anayepaswa kuamka saa kumi na moja akande unga.

Kanuni za kelele za mwaka 2003, chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, ziliweka kikomo cha desibeli 35 usiku kwenye makazi. Mazungumzo ya kawaida tu hufikia 60 hivi. Lakini sheria hupima sauti tu. Swali la muumini hailigusi. Je, Mungu humpenda zaidi aliyekesha kuliko aliyelala?

Maandiko yenyewe hayamdharau aliyelala. Katika Injili ya Luka, Yesu alikesha mlimani akiomba kabla ya kuwachagua mitume 12. Katika Marko, Yesu huyohuyo alilala chomboni huku dhoruba ikivuma. Zaburi ya 127 huhesabu usingizi kuwa kipaji cha Mungu. Kwa Waislamu, Sura ya Al-Muzzammil huhimiza kisimamo cha usiku, na aya yake ya mwisho huwapunguzia wagonjwa na wasafiri. Bukhari naye amepokea kisa cha Salman al-Farisi aliyemzuia Abu Dardaa kusimama usiku kucha, akamkumbusha kwamba nafsi yake na mkewe nao wana haki juu yake. Mtume alimuunga mkono Salman.

Kote humo, anayekesha hutoa usingizi wake mwenyewe. Yesu alipotaka kuomba usiku kucha alipanda mlimani, mbali na watu. Mkesha ni sadaka, na hakuna dini inayomruhusu mtu kutoa sadaka kwa mali ya jirani.

Wanaotetea mkesha wana hoja nzito. Dereva wa boda boda na mama wa sokoni hawana muda mwingine wa ibada, kwa kuwa mchana ni wa kutafuta riziki. Mjane aliyepanga chumba kimoja hupata pale watu wa kumwombea na kumshika mkono. Hayo ni kweli, na hakuna hata moja kati yake linalohitaji spika ya barabarani. Tangu mwisho wa Machi 2020 hadi Januari 2022, amri ya kutotoka nje usiku ilifuta mikesha ya hadhara. Wengi waliomba nyumbani na familia zao, wakifuata ibada redioni, na imani haikufa.

Basi mkesha usifungwe. Spika zigeuzwe zielekee ndani, na ikifika saa nne usiku ngoma zinyamaze, watu waombe kwa vinywa vyao. Sala ya tarawehe nayo isikike kwa walio msikitini. Viongozi wa dini wakianza wao, ndipo watakapoweza kumfuata mwenye baa ya mtaani wadai apunguze muziki, naye asipate pa kuwanyoshea kidole.