Mtu Binafsi na Boma Lake

Mafundi wa kwetu wana neno linalonichekesha kila ninaposhuka Bomang'ombe. Nyumba iliyosimama kuta na haijapauliwa wanaiita boma. "Nimeshasimamisha boma," atakwambia mtu kwa fahari, nawe utampa hongera na pole kwa pamoja, maana unajua kati ya boma na nyumba kuna miaka. Mji wenyewe, kama jina linavyojieleza, ni boma la ng'ombe; siku hizi ni mji wa maboma ya watu. Shuka kwenye Coaster pale barabara inapochepuka kwenda Sanya Juu, pita nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, utayaona: kuta za tofali za saruji zilizoishia kwenye linta, madirisha matupu, magugu yameota sebuleni, na pembeni chumba kimoja kilichoezekwa harakaharaka, ambamo mwenye boma analala akiilinda ndoto yake isiibiwe nondo.

Mojawapo ni la dada yangu. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliachika zamani, na kiwanja alikinunua kwa kiinua mgongo. Kuta zilipanda upesi. Paa limemgomea mwaka wa nne sasa. Siku moja tulikuwa msibani huko juu Machame, wanawake wanamenya ndizi, mimi nimeleta kuni. Dada alikuwa anaongea habari za maji na viwanja, kama kawaida yake, hadi jirani mmoja akamwambia, "Mwalimu, kwa maneno hayo si ungegombea udiwani?" Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kisu: "Kwa chama gani, mama? Mimi ni mtu binafsi."

Wakacheka wote, nami nikacheka. Kila Mtanzania anajua utani huo unakoishia. Kwetu mtu binafsi hagombei.

Katiba yetu, ibara ya 39 kwa urais na ya 67 kwa ubunge, inataka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alihangaika na maneno hayo machache kwa miaka ishirini. Alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993, na Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa haki. Kabla ya mwaka kwisha Bunge likapitisha marekebisho ya 11 ya Katiba, mlango ukarudishiwa komeo. Akarudi mahakamani 2005, akashinda 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la kisiasa, likatafutiwe ufumbuzi bungeni. Ndipo yeye na wanasheria wakaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, nauli ya basi tu kutoka hapa Boma, na tarehe 14 Juni 2013 majaji wa bara zima wakasema sharti lile linavunja haki za raia. Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu, Mtikila alikufa kwa ajali ya gari. Sharti alilolipiga vita akaliacha palepale alipolikuta.

Na haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilizoa viti 70 kati ya 71. Hicho kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, alikoshinda Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU huyohuyo, aliyesimama peke yake kupingana na mtu aliyeteuliwa na chama. Wambulu walimtaka, wakampa. Mwaka uliofuata Uhuru ukaja kama ulivyopangwa.

Lakini kilichonifanya nikose usingizi usiku ule wa msiba hakikuwa Katiba. Nilikuwa nimemsikia dada akilitamka lile neno "binafsi", na nikahisi limebeba zaidi ya siasa.

Kwetu mlimani nyumba haikuwahi kuwa kuta. Ni kihamba: migomba, kahawa iliyo chini ya kivuli chake, mfongo unaoleta maji kwa zamu, zizi la ng'ombe wa kulishwa ndani, na makaburi ya waliokupa jina. Desturi inajulikana. Mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa kihamba chake anapooa. Kitindamimba hubaki na kile cha wazazi, pamoja na kazi ya kumtunza mama. Wa katikati hujitafutia, na hao wa katikati ndio waliojaza Boma, Moshi mjini, Arusha na nusu ya Kariakoo. Mabinti hawakuwekwa hata katikati. Binti alikuwa na kwao mpaka aolewe, kisha akawa na kwa mumewe. Akiachika hurudi kama mgeni anayeheshimiwa: ataonyeshwa chumba, ataletewa mtori, ila hakuna atakayemwonyesha mpaka.

Mimi ni kitindamimba. Kihamba kilinijia kama jina la ukoo lilivyonijia, sikuomba wala sikununua. Ada yangu ya sekondari aliilipa dada, kwa mshahara wa mwalimu wa miaka ya themanini; anayeukumbuka mshahara huo anajua alikuwa anakata kwenye nini. Katika mgawo, ambao haukuwa hata na kikao, hakuna aliyekumbuka ada. Mimi mwenyewe sikukumbuka.

Kwa hiyo mtu kama yeye anadaiwa mdhamini mara mbili. Ili apige kampeni lazima awe na chama kinachomwingiza mlangoni. Ili awe na ardhi ilipasa awe na baba, mume au kaka wa kusema "huyu ni wetu". Amekaa miaka sabini kasoro akisikia kwamba peke yake hatoshi.

Jioni moja, tumekaa juu ya rundo la tofali zilizobaki, nikamuuliza kwa utani kama mwandishi wa redio: Mheshimiwa mgombea binafsi, sera yako ya nyumba ni ipi?

"Serikali isinijengee nyumba," akasema. "Inipimie kiwanja, ilete maji na barabara. Kuta nitazisimamisha mwenyewe, hata zikichukua miaka kumi."

Sikumwambia kwamba hiyo sera imewahi kujaribiwa. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa 1962 lilianza kwa kubomoa vibanda vya udongo na kujenga nyumba bora mahali pake, kwa kuwa taifa changa lilitaka kila raia awe na bati. Fedha hazikutosha hata robo ya matamanio. Benki ya Nyumba ikaja 1972, ikafa 1995. Katikati, miaka ya sabini, ukaja mradi wa viwanja vyenye huduma, uliozaa Sinza na Kijitonyama za Dar es Salaam, na mpaka leo watu wa mipango miji wanautaja mradi ule kama mtu anavyomtaja mke aliyemwacha kwa upumbavu wake. Visiwani, ambako nyumba haimo katika mambo ya Muungano, Mzee Karume alijenga yale majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Jirani zetu Kenya wameamua kila mwenye mshahara akatwe asilimia 1.5, na mwajiri wake aongeze kiasi hichohicho, zijengwe nyumba za bei nafuu. Mahakama ikaukataa mpango Novemba 2023, ukarudi na sheria mpya Machi 2024. Huku kwetu, Magomeni Kota ya Dar es Salaam, tumeona familia 644 zikirudishwa kwenye maghorofa mahali zilipobomolewa nyumba zao. Ni jambo jema. Ila dada angeuliza swali lake lilelile: hati ina jina la nani?

Maana hiyo ndiyo sera yake ya familia, na ni fupi: jina la mke liandikwe siku ile ya kwanza, wala lisingoje siku ya ugomvi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishasema mume asiuze wala asiweke rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mke, na mke vilevile. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, ilionekana alishapewa fedha za mradi akazitumia vibaya. Sheria zetu zina tabia ya kuwanufaisha watakaokuja nyuma.) Lakini ndoa ikikatishwa na kifo, mambo hurudi kwenye tangazo la sheria za kimila la 1963, ambalo kwa makabila yanayolifuata linamweka binti daraja la tatu la urithi, na mjane wa mtu aliyeacha ndugu wa ukoo linamwachia watoto wake wamtunze.

Wajane wawili, wanaotajwa kwenye majalada ya Umoja wa Mataifa kwa herufi tu, E.S. na S.C., walilipinga tangazo hilo. Mahakama Kuu mwaka 2006 ikakiri kwamba mila hizo ni za kibaguzi, kisha ikasema hukumu ya mahakama si mahali pa kuzibadilishia. Mwaka 2010 rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya nyaraka. Wakatoka nje, na 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikawapa haki. Ukiziweka kesi hizi mbili sambamba, ya mchungaji na ya wajane, utadhani zimeandikwa na mkono mmoja: miaka ileile ya 2006 na 2010, mlango uleule wa "hili si letu", na faraja ileile iliyotoka mbali ikafika ikiwa karatasi.

Nisimpendelee dada kwa kuwa ni dada. Sharti la chama nalo lina hoja yake, na hoja yenyewe naiona kila Disemba. Nchi nzima inatutania kwamba mwisho wa mwaka Wachaga tunakwenda kuhesabiwa. Magari yanapanda, mbuzi wanageuzwa ndafu, na yale majumba ya vigae yaliyokaa yamefungwa miezi kumi na moja, mlinzi mmoja na mbwa wawili, yanawashwa taa. Mwenyewe ana nyumba nyingine anayoishi Mbezi au Mikocheni. Hii aliijenga kwa sababu baba amelala pale, naye atalala pale, na haifai msiba wa mtu mzima upokelewe kwenye nyumba ya mabanzi. Simcheki. Ni aina ya uaminifu. Lakini kutoka barazani kwake ukiangalia chini, usiku usio na ukungu, unaziona taa za Boma, na katika hizo kuna watu wanaoishi chumba kimoja ndani ya kuta za vyumba vinne.

Sasa ondoa sharti la chama: nani atakayesimama wa kwanza kama mgombea binafsi? Mwalimu mstaafu asiye na hela ya kupaua, au tajiri wa Disemba mwenye magari sita na ukoo wenye kura mia nne? Chama, pamoja na maovu yake, angalau kinamlazimisha tajiri apige magoti mbele ya wajumbe. Nilimwambia dada hivyo. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikikosea hesabu za kugawanya.

"Mdogo wangu, huyo tajiri kwani sasa hivi hagombei?"

Nikanyamaza. Upepo wa tambarare ulikuwa umeanza, ule unaobeba vumbi jekundu hadi kwenye chai. Nikajikuta nasema neno ambalo nilikuwa nimelibeba tangu ule msiba: kwamba kihamba ni kikubwa, kwamba upande wa juu karibu na mama pana nafasi, kwamba siku ikifika asiwe na wasiwasi. Nililisema vibaya, kwa kuzunguka, kama mtu anayeomba mkopo. Nilidhani natoa.

"Aika," akasema, yaani asante. Kisha, baada ya kitambo: "Ungelisema wakati mama yuko hai ningelia."

Akainuka kunionyesha kiwanja, ingawa nilikuwa nimekiona mara nyingi. Ameweka bomba la maji. Amepata mbao nusu; bati zinasubiri mkopo wa kikoba mwezi wa tisa. Akatembea nami mpaka kwenye kila bikoni ya wapima ardhi, vile vigingi vya zege vyenye namba, na pembeni ya kila bikoni amepanda sale, kama wazee walivyopanda kwenye mipaka na kwenye makaburi. Aliniambia mche aliuleta kutoka kwetu, akaukata vipande mwenyewe, na kwamba alikwishauliza halmashauri kama sheria za mji zinaruhusu mtu kuzikwa kwenye kiwanja chake. Jibu hakuniambia, nami sikuuliza.

Tulipokuwa tunarudi barazani jua lilikuwa limeshuka nyuma ya Meru. Nikageuka kuhesabu kwa mazoea ya mtu wa mpakani: bikoni nne, masale matano.