KHABARI YA CHAKULA NA ISNADI YAKE

Enyi ndugu, barazani Misima husemwa kwamba mwenye kisukari akiacha ugali hupona. Mtu wa hadithi huuliza: khabari kaipokea nani, na kwa nani? Na hii yapasa iulizwe vivyo hivyo.

Asili yake si uzushi. Mwaka 2017 matabibu wa Uskoti na Uingereza walitoa hesabu ya watu 298 wenye kisukari cha aina ya 2. Nusu yao waliachishwa chakula cha kawaida, wakapewa vinywaji vya kipimo kwa miezi 3 hadi 5, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, katika killa 100, sukari ya watu 46 ilikuwa imetulia bila ya dawa. Katika nusu ya pili, 4 tu. Mwaka wa pili wale 46 wakawa 36.

Lakini liko neno lililoangushwa njiani: mwenye kudunga insulini hakutiwa hesabuni hata mmoja. Naye ndiye aambiwaye atupe sindano! Mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini akiikosa kwa siku chache hufa, ale ugali asile. Na mafakihi wamesema ajitiaye utabibu asioujua hudhamini alichokiharibu.

Atakaye kupunguza ugali na apunguze, lakini kwanza amwambie tabibu, kwani chakula kikipungua na kipimo cha dawa hubadilishwa, isije sukari ikashuka mno akazimia.