Alinyanyuka Hajafungwa

Machi 10, 2005, katika mji mdogo wa Linares nchini Hispania, Garry Kasparov alimaliza mashindano ya sataranji akiwa wa kwanza, kisha akawaambia waandishi wa habari kwamba hatacheza tena mashindano makubwa. Alikuwa na miaka 41. Kwa karibu miaka 20 alikuwa ndiye mchezaji namba moja duniani. Hakuwa amefukuzwa wala hakuwa amechoka kwa ugonjwa. Alisema anarudi Urusi kuingia kwenye siasa, kupambana na utawala wa Vladimir Putin.

Habari hii nimeisimulia mara nyingi hapa Moshono, kwenye kijiwe cha drafti kando ya barabara inayopanda kutoka Kijenge. Ubao ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa mkono, kete ni visoda: huyu anacheza navyo vikiwa vimelala kifudifudi, yule vikiwa chali. Watu wanasubiri zamu kwenye benchi, na sheria ya kijiwe haina mjadala. Anayefungwa ananyanyuka, mwingine anakaa.

Ndiyo maana mzee mmoja wa hapo, ambaye akili yake naiheshimu sana, hajawahi kuikubali hadithi yangu. "Kijana wangu," huniambia, "huyo mtu alikuwa hajafungwa. Sasa alinyanyuka kwa nini?"

Swali lake ni zito kuliko linavyosikika. Tumezoea kumsifu anayeng'ang'ania nafasi na kumsikitikia anayeiacha. Mtu akiwa bingwa wa jambo moja tunamtaka abaki hapo hapo, atufurahishe, na mambo ya nchi awaachie wenyewe. Mwanamuziki aimbe, mkimbiaji akimbie. Wesley Korir wa Kenya alishinda mbio za Boston mwaka 2012, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mbunge wa Cherangany akiwa mgombea binafsi. Bobi Wine wa Uganda alitoka jukwaani akaingia bungeni mwaka 2017, na mwaka 2021 akagombea urais. Wote wawili, kabla hata hawajasema wanataka nini, walishaulizwa kwa nini hawakubaki kwenye kazi yao.

Kwa Kasparov jibu naliona mapema sana, miaka 20 kabla ya Linares. Septemba 1984, akiwa na miaka 21, alikaa mbele ya bingwa wa dunia, Anatoly Karpov, mjini Moscow. Sharti lilikuwa kwamba wa kwanza kushinda michezo 6 ndiye bingwa, na sare hazihesabiwi. Baada ya michezo 9 tu Karpov alikuwa ameshinda 4. Ikafika 5 kwa 0. Kijana akabakiza kufungwa mara moja tu aende nyumbani. Akajifungia. Sare, sare, sare tena, wiki kwa wiki, mpaka baridi ya Moscow ikaingia. Halafu akaanza kushinda yeye: mmoja, kisha, mwishoni, miwili mfululizo. Ilipokuwa 5 kwa 3, baada ya michezo 48, 40 kati yake ikiwa sare, rais wa Shirikisho la Sataranji Duniani, Florencio Campomanes, alisimamisha kila kitu bila mshindi. Ilikuwa Februari 15, 1985. Alieleza kwamba wachezaji wamechoka. Wachezaji wenyewe walisema wako tayari kuendelea.

Mimi naamini mwanasiasa alizaliwa siku ile. Alifundishwa akiwa bado kijana kwamba unaweza kucheza vizuri, ukafuata kila sheria, na bado akatokea mtu asiyecheza akaukunja ubao. Mechi ilipangwa upya mwaka huo huo, na Novemba 9 akashinda kwa 13 kwa 11. Akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 22, mdogo kuliko bingwa yeyote aliyemtangulia. Ushindi haukumsahaulisha.

Halafu ikaja Baku, mji aliozaliwa, mji mkuu wa Azerbaijan. Baba yake alikuwa Myahudi, mama yake, Klara, Muarmenia. Januari 1990 makundi ya watu yaliwavamia Waarmenia majumbani mwao, wakapigwa na kuuawa, na bingwa wa dunia akalazimika kukodi ndege kuwatoa ndugu na marafiki. Mwishoni mwa mwaka huo alipokutana tena na Karpov, mmoja alicheza chini ya bendera ya Kisovieti, na Kasparov akaweka mbele yake bendera ya Urusi ya rangi tatu, wakati dola ya Kisovieti ikiwa bado imesimama. Kwa hiyo anayedhani aliamka siku moja Linares akaitamani siasa hamjui.

Mzee wangu husikiliza yote haya, kisha huuliza: alipata nini?

Kwa hesabu za kawaida, alipata kipigo. Mwezi mmoja tu baada ya kustaafu, kijana mmoja mjini Moscow alimletea ubao wa sataranji autie saini, na alipomaliza kutia saini akapigwa nao kichwani. Mwaka 2007 alikamatwa kwenye maandamano, mwezi wa Aprili na tena Novemba. Mwaka huo huo alitaka kugombea urais. Sheria ilimtaka kwanza awakusanye wafuasi 500 kwenye ukumbi mmoja, na katika Moscow nzima, mji wa mamilioni ya watu, hakupatikana wa kumkodisha ukumbi. Akajitoa. Nikisoma habari hiyo huwa nasimama hapo kwanza. Mtu aliyemzuia kwenye ubao hakuonekana kwa miaka mingi, naye akazuiwa na kumbi zilizodaiwa kuwa zimejaa.

Novemba ile alifungwa siku 5, na humo ndimo kuna jambo ninalolipenda kuliko ushindi wake wote. Mtu mmoja alifika gerezani akiomba kumwona. Alikuwa Karpov. Walikuwa wamechezeana mechi 5 za ubingwa wa dunia kati ya mwaka 1984 na 1990, hawakupendana, na mmoja alikuwa mtoto mwema wa mfumo ambao mwenzake alikuwa akiupiga vita. Askari walimkatalia Karpov kuingia, lakini alikwenda. Miaka 3 baadaye Karpov alipogombea urais wa shirikisho lile lile la sataranji, Kasparov alizunguka akimwombea kura. Wakashindwa pamoja. Mwaka 2011 Karpov akaingia bungeni kwa chama cha Putin, na leo wako mbali kabisa. Hilo halinifutii ile siku ya gereza. Nimeona jinsi kampeni zinavyowagawa watu hapa kwetu, watu waliosoma darasa moja na kubatizwa kanisa moja wakapitana barabarani bila salamu mpaka mwaka mzima uishe, na ningetamani tuwe na akina Karpov wengi wa namna ile, wanaokwenda getini hata wakijua watarudishwa.

Kuhusu kushindwa, nina shahidi wa karibu zaidi, na mzee anamjua kuliko mimi. Upande wa pili wa Mlima Meru, ambao huku tunauona asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, kuna Ngarenanyuki. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka huko, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi ipewe walowezi. Watu wakachanga nauli. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mtoto wa Meru, akasafiri hadi New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza walichofanyiwa. Azimio la kuwatetea lilipofika kwenye Baraza Kuu halikupata theluthi mbili ya kura. Alirudi ameshindwa. Lakini alirudi, akawaeleza waliomchangia jinsi mambo yalivyokwenda, kisha akaanza kuzunguka Tanganyika akisimulia. TANU ilipoundwa Julai 1954, mkasa wa Wameru ulikuwa umeshasikika mbali. Leo Ngarenanyuki inalimwa na Wameru wenyewe.

Hapo mzee hutikisa kichwa kukubali, ila juzi aliongeza neno ambalo sikuwa nimelifikiria. "Kirilo alikuwa na pa kurudi," alisema.

Ni kweli, na ndipo Kasparov ananiuma. Aliondoka Urusi mwaka 2013 alipoona zamu yake ya kushtakiwa inakaribia. Mwaka uliofuata akapewa uraia wa Kroatia. Februari 27, 2015 mwenzake katika upinzani, Boris Nemtsov, alipigwa risasi darajani, hatua chache kutoka Kremlin. Desemba 2020 mama yake akafariki mjini Moscow. Klara ndiye aliyemlea peke yake tangu baba alipofariki, mtoto akiwa na miaka 7. Ndiye aliyekuwa pembeni yake katika kila mechi kubwa. Mwana hakuwepo.

Sihitaji kumweleza mtu wa Moshono uzito wa jambo hilo. Huku watu wanasafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam, wanakopa, wanaomba ruhusa kazini hata kwa ugomvi, ili wawahi kutupa udongo kwenye kaburi la mama. Mzee anasema hakuna siasa yenye thamani hiyo. Nimembishia, na nitaendelea kumbishia, kwa heshima zote. Kosa la mwana kutofika kwenye msiba wa mama yake nchini mwake analo aliyeifanya njia ya kurudi kuwa njia ya gerezani, na naona tunamwonea tunapomdai maelezo yeye na kumwacha yule bila kuulizwa.

Machi 2024 serikali ya Urusi ilimwingiza Kasparov kwenye orodha yake ya magaidi na wenye misimamo mikali. Bado anaandika, bado anazungumza, na bado anaitetea Ukraine dhidi ya vita vya nchi yake mwenyewe.