Kisasi cha Akeri

Habari ya Akeri imesimuliwa mara nyingi katika sharika zetu, na watoto wengi waijua kabla hawajaingia mafundisho ya Kipaimara. Chini ya mlima Meru, usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa kwa mikuki, na pamoja nao Wachaga waliokuwa wamefuatana nao kutoka Kilimanjaro. Walikuwa vijana, hata mmoja hajafika miaka thelathini. Walikuwa wamekuja kutafuta mahali pa kujenga kituo. Hayo twayajua, na yafaa tuyajue.

Walakini habari haikwisha usiku ule, na sehemu iliyobaki hatuisimulii kwa sauti ile ile. Kapteni Johannes, mkuu wa askari wa Serikali ya Wadachi huko Moshi, aliliongoza jeshi lake juu ya Wameru na Waarusha, pamoja na vijana wengi wa Kichaga wenye mikuki. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa moto, ng'ombe na mbuzi wakatekwa, migomba ikakatwa. Tena jambo hilo halikufanywa mara moja tu, kwa maana askari walirudi katika miaka iliyofuata. Mwaka 1900 Mangi Meli wa Moshi na wakuu wengine walinyongwa, na mwaka ule ule Boma la Arusha likamalizika kujengwa, kwa kazi ya watu wale wale walioshindwa.

Basi swali letu ni hili. Mjumbe wa amani akiuawa, na wenye nguvu wakalipiza damu yake kwa vita, je, Kanisa lina neno gani katika kisasi hicho? Je, ni jambo la Serikali peke yake, nasi twaweza kunawa mikono? Au ni deni lililoandikwa katika kitabu chetu pia?

Wako wasemao kwamba misioni haikushika bunduki. Upanga, wasema, umewekwa na Mungu mkononi mwa wenye mamlaka, kama Mtume Paulo awafundishavyo Warumi. Na Martin Luther naye, mwaka 1523, aliandika kitabu kizima juu ya mamlaka ya dunia na mpaka wake. Jibu hilo si dogo, wala hatulitupi. Mahali pasipo hukumu, mwenye nguvu humla mnyonge, na mwuaji hutembea bila hofu. Kama Serikali ingewatafuta wale waliotia mikuki katika hema, ikawaweka mbele ya baraza, ikawahukumu, tungesema kazi ya upanga imefanyika.

Lakini mgomba haukuua mtu. Sisi watu wa milimani twajua maana ya neno hili, na hatuhitaji kufafanuliwa. Mgomba ni chakula cha mzee asiye na meno na cha mtoto aliyeachishwa ziwa. Shina lake ni malisho ya ng'ombe wa nyumbani, majani yake ni matandiko na kifuniko. Shamba la migomba ndipo baba alipozikwa, ndipo na kijana atakapojenga. Ukikata migomba ya nchi hukumwadhibu mwuaji, kwa kuwa yeye ni kijana mwenye miguu, atakimbilia msituni. Umemwadhibu mama wa watoto wadogo. Ni kweli kwamba shina hutoa chipukizi tena, lakini mkungu hautoki kesho, na njaa haingoji. Upanga ule aliousema Mtume ni wa kumpiga atendaye mabaya. Upigao wote walio nyuma ya kilima kimoja naye, kwa jina gani tuuite?

Tena liko jambo dogo ambalo twaona si watu wengi wanaolifikiri. Ovir na Segebrock walizaliwa katika nchi za pwani ya Bahari ya Baltiki, zilizokuwa chini ya mfalme wa Urusi wakati ule. Hawakuja kwa ajili ya ufalme wa Wadachi. Ndipo damu yao ikachukuliwa na kuhesabiwa kama mali ya Serikali, ikalipiwa ng'ombe.

Na kwa nini waliuawa? Hatusemi neno la kuwaachilia wauaji, kwa kuwa kumwua mgeni katika hema lake ni uovu, na wazee wa makabila yetu yote walijua hivyo kabla Injili haijafika. Lakini ni haki tuseme walichokiona. Siku zile zile Kapteni Johannes alikuwa katika nchi ile na askari wake, si mbali na hema za wamisionari. Kijana wa rika la Talala, akisimama juu ya mlima na kutazama chini, aliona moshi wa moto wa Wazungu hapa, na moshi wa moto wa Wazungu pale. Angejuaje kwamba huku ni Neno na huko ni bunduki? Nani alimwambia? Nasi twajiuliza kama waliokuja na Neno walifahamu jinsi moshi ule ulivyochanganyika.

Yafaa tulinganishe na habari ya kale kidogo. Johannes Rebmann, Mdachi aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alitoka Rabai karibu na Mombasa mwaka 1848 akafika Uchagani. Na habari za safari ile zasema kwamba silaha yake ilikuwa mwavuli. Tarehe 11 Mei aliiona theluji ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata alikuja tena, na Mangi Mamkinga wa Machame akamnyang'anya karibu vitu vyote alivyokuwa navyo, hata akarudi pwani maskini. Hakuna aliyemlipizia. Hakuna nyumba iliyochomwa kwa ajili ya nguo na shanga za Rebmann. Mlango wa Machame ulifungwa miaka 44, na mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walipopanda mlima, Machame ndipo walipojenga kituo chao cha kwanza. Hatusemi kwamba uvumilivu wa Rebmann peke yake ulifungua mlango huo, kwa maana mwaka huo huo bunduki za Wadachi zilikuwa zimekwisha kusikiwa huko Moshi. Lakini Mmachame hakuweza kumwambia mhubiri, Mlituua kwa sababu ya Rebmann.

Mtu aweza kutupinga kwa habari ya Paulo mwenyewe. Walipofanya shauri la kumwua Yerusalemu, hakukataa kulindwa. Jemadari alimtoa usiku pamoja na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, kumpeleka Kaisaria. Baadaye alijitetea kwa haki yake ya Kirumi, akataka shauri lake lifike kwa Kaisari. Basi, wasema, hata Mtume alitembea nyuma ya mikuki. Ni kweli, na msomaji ayapime haya. Askari wale walimlinda mtu asiuawe. Hawakugeuka kuteketeza mitaa ya Yerusalemu, wala Paulo hakuwaomba. Tena palikuwa na kijiji kimoja cha Wasamaria kilichokataa kumpokea Bwana mwenyewe, na wanafunzi wawili walitaka kuuita moto ushuke juu yake. Kila mwalimu ajua Bwana aliwajibuje. Aliwakemea, wakaenda kijiji kingine.

Wengine hutujibu kwa matunda. Watazameni Wameru wa leo, wasema, tazameni makanisa yalivyojaa. Na Tertulliano, mwalimu wa kale wa Afrika ya Kaskazini, si aliifananisha damu ya mashahidi na mbegu? Nasi twamshukuru Mungu kwa mavuno. Lakini mavuno hayamtoi hatiani mtu aliyeharibu shamba. Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba Mungu ameyageuza mabaya yao kuwa mema. Hakuwaambia kwamba walifanya vema kumwuza. Na Tertulliano alisema habari ya damu ya wale waliokufa. Habari ya damu iliyomwagwa kwa ajili yao baadaye hakuigusa.

Mwaka 1902 misioni ilirudi Meru, ikajenga Nkoaranga. Hapa ndipo moyo wetu husimama. Fikirini habari ya mwanamke aliyempoteza mwana katika vita ile, akija siku moja kusikiliza wageni wanasema nini, na mhubiri akifundisha habari ya kumsamehe adui. Mwanamke yule alikuwa na haki ya kuuliza: Na ninyi, mlitusamehe? Kama angeuliza hivyo, mhubiri angemjibu nini? Kusema kwamba bunduki zilikuwa za Serikali lingekuwa neno la kweli, nalo halingemfuta machozi. Mwalimu ashindwaye kujibu swali hilo bado hajaanza kufundisha sala ya Bwana.

Twaona neno moja zaidi, ambalo kwetu lina uzito kupita hesabu ya waumini. Mwaka 1916 Serikali ile iliyolipiza kisasi iliondoka katika nchi ya Meru na Kilimanjaro, ikishindwa vitani. Mwaka 1920 wamisionari wa Kidachi wenyewe wakafukuzwa katika Tanganyika. Bunduki hazikuwapo tena, wala waliodhaniwa kuwa wana wa bunduki. Kama watu waliamini kwa hofu, huu ndio wakati wa kurudi nyuma. Hawakurudi. Walimu na wazee wa sharika walipiga kengele Jumapili, wakafundisha watoto, wakazika wafu. Basi imani ile haikuwa imejengwa juu ya kisasi. Ilikuwapo ijapokuwa kisasi kilikuwapo, kama mti uotao juu ya mwamba, na asiseme mtu kwamba mwamba ndio uliouotesha.

Kwa nini tuyachimbue haya leo? Kwanza kwa sababu jaribu lenyewe halijafa. Mwinjilisti aliyepigwa kijijini aweza kwenda polisi na kueleza alivyodhulumiwa, kama Paulo alivyoyatumia mahakama, wala hakuna aibu. Lakini yuko mwinjilisti ambaye, akikataliwa kiwanja au kufungiwa mlango, humtafuta mkuu wa serikali amjuaye, ili wazee wa kijiji walazimike kumpokea. Mlango ufunguliwao hivyo huingiza mtu, na Neno hubaki nje. Shauri letu kwa sharika zitumazo wainjilisti ni kwamba jambo hili lisemwe wazi kabla mtu hajafunga mizigo yake.

Pili, kwa ajili ya ukumbusho. Majina ya Ovir na Segebrock yasomwapo, twaona ni haki wale Wachaga waliokufa pamoja nao watajwe, kwa kuwa walikufa mauti ile ile katika hema zile zile. Na wale Wameru na Waarusha waliokufa katika kisasi watajwe pia. Tunawaomba walimu wa Meru na Arusha wawaendee wazee wa koo zao na kuuliza: Nani wa nyumba yenu alikufa katika vita ya Wadachi? Shamba la nani lilikatwa? Hata likipatikana jina moja tu katika ukoo, liandikwe katika kitabu cha usharika. Waliosikia habari hizo kwa babu zao wamebaki wachache, na masika haya yanayokuja hayatawaacha wote.