Shahidi wa Nyanya

Nyanya nyingi huingia masoko ya Kampala na vumbi jeupe limeganda karibu na kikonyo. Ni mabaki ya mankozebu, dawa ya ukungu. Mama hulifuta kwa upindo wa leso, kisha anauliza bei. Wapo wachuuzi wanaolipenda vumbi hilo: nyanya iliyopigwa dawa, wanasema, haiozi upesi. Na isiyo na vumbi? Huenda imeoshwa tu.

NOGAMU, shirika mwamvuli la kilimo hai, yaani kisichotumia dawa kama hiyo, lililoundwa Uganda mwaka 2001, liliwahi kuendesha duka jijini humo kwa mazao ya wanachama wake. Ushirika si jambo geni nchini. Mwaka 1913 wakulima wanne wa Kinakulya, Singo, waliungana wauze mazao yao pamoja. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuja 1946. Lakini wazee wale waligombania bei, na bei ni kitu cha kuhesabika. Duka la kilimo hai linauza kisichoonekana kaunta: mwenendo wa mtu akiwa peke yake shambani.

Nani amshuhudie?

Afrika Mashariki ilipitisha kiwango kimoja cha kilimo hai mwaka 2007, na alama yake ikapewa jina la Kiswahili, Kilimohai. Mkaguzi wa nje ni ghali kwa mwenye nusu eka, kwa hiyo kwa soko la ndani wakulima huruhusiwa kukaguana wenyewe kwa vikundi. Jirani huingia kwa jirani, akafukua mboji kwa mkono, akachungulia stoo, akauliza bomba la kupulizia limewekwa wapi.

Amri ya Musa yakataza kumshuhudia jirani uongo, na wengi huielewa kama kumzulia mabaya. Shambani kishawishi ni kinyume chake: uongo wa kumwokoa. Sura ya An-Nisaa inagusa hapohapo, inapodai ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi, wazazi na jamaa. Ni agizo zito kwa mtu aliyeazima jembe la huyo anayemkagua. Akinyamaza, dawa ya mmoja yaweza kukiponza kikundi kizima. Akisema, watakutana jioni kisimani.

Tena zamu huzunguka. Anayechungulia stoo msimu huu, msimu ujao atafunguliwa yake.